Betri za Vihisi Zinaisha Kabla ya Wakati: Jinsi ya Kuzuia Mashambulizi ya Kunyonya Chaji

Mwongozo huu ni wa mafundi na wanafunzi wa Mombasa wanaofunga vihisi visivyotumia waya: kwenye matangi ya maji juu ya maghorofa ya Bamburi na Kisauni, kwenye vyumba baridi vya samaki, au pembezoni mwa mikoko ya Tudor kupima maji kujaa na kupwa. Lalamiko linalorudi ni lile lile. Betri iliyopigiwa hesabu ya miaka inakufa baada ya wiki chache. Fundi anaweka nyingine, nayo inakufa. Ukimuuliza kuhusu usalama, anajibu kwamba amewasha usimbaji wa AES (njia ya kuficha data kwa ufunguo wa siri), kwa hiyo hakuna anayeweza kuingia.

Anayeshambulia betri hana haja ya kuingia. Hajali kama tangi lako limejaa au limekauka. Anachotaka ni redio ikae macho. Nodi (kihisi pamoja na redio na betri yake) ikishapokea pakiti nzima ya uongo, ikaikagua kwa AES na kuitupa, chaji imeshakwenda. Ni kama bawabu anayeteremka ghorofa sita kila lango linapobishwa: hata asipomfungulia mtu, kabla ya alfajiri atakuwa hoi.

Kwa hiyo kila hatua hapa inafuata kanuni moja: nodi yenyewe ndiyo iamue itumie chaji lini na kiasi gani. Mtu wa nje asipate hata njia moja ya kuiamulia.

Nimechukulia kwamba una nodi zenye redio ya LoRa (inayotuma ujumbe mfupi mbali kwa chaji kidogo) ya 868 MHz aina ya SX1276 (ndiyo iliyo ndani ya moduli nyingi za bei nafuu) na lango moja, yaani kifaa kinachopokea ripoti za nodi zote, linalotumia umeme wa ukutani. Mwenye redio za aina nyingine afuate hatua hizi hizi. Tarakimu ndizo zitakazobadilika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Multimita yenye kipimo cha maikroampea, na fyuzi zake za akiba.
- Waya mfupi wenye klipu pande zote mbili.
- Nodi moja ya ziada ya kufanyia majaribio mezani. Usijaribu kwenye nodi iliyoko kazini.
- Redio mbili za LoRa za ziada: moja ya doria, moja ya kujishambulia.
- Spiriti ya isopropili, mswaki wa zamani, vanishi ya kupaka bodi za umeme.
- Daftari. Vipimo visivyoandikwa havilinganishiki.
- Programu ya nodi ikiwa wazi, uweze kuibadilisha. Kama umenunua kifaa kilichofungwa na muuzaji hatoi programu, hatua ya 3 hadi ya 7 utalazimika kumdai yeye azifanye.

## Hatua ya 1: Pima matumizi halisi, kisha piga bajeti

Usiseme umeshambuliwa kabla hujajua nodi yenye afya inakula kiasi gani.

Unganisha multimita mfululizo na betri, upande wa chanya. Hapa wengi wanakwama. Kwenye kipimo cha maikroampea multimita ina ukinzani mkubwa, kwa hiyo nodi ikiamka na kutaka makumi ya miliampea, volti zinaporomoka, nodi inajizima, inajiwasha, inaporomoka tena. Tarakimu zinarukaruka na fundi anadhani bodi ni mbovu.

Dawa yake ni ule waya wenye klipu. Ubane kwenye ncha mbili za multimita ili umeme upite kwenye waya. Washa nodi, ingoje itume, ingoje ilale. Sasa ondoa klipu moja na usome. Irudishe kabla nodi haijaamka tena. Kwa jaribio hili iweke iamke kila dakika 5 ili upate nafasi ya kutosha.

Nodi iliyolala vizuri inatakiwa kuonyesha chini ya maikroampea 20. SX1276 yenyewe ikilala hula chini ya maikroampea 1. Ukiona miliampea nzima, angalia bodi: taa ndogo ya umeme, chipu ya USB na kidhibiti volti cha bei rahisi hula saa zote hata kama maikrokontrola (chipu inayoendesha programu ya nodi) imelala. Toa taa, au badilisha bodi.

Halafu piga hesabu. Huu hapa mfano wa kihisi cha tangi:

- Kulala: maikroampea 15 kwa saa 24 ni 0.36 mAh (miliampea-saa) kwa siku.
- Kuamka kila dakika 15, yaani mara 96 kwa siku, sekunde 2 kila mara kwa wastani wa 20 mA: takriban 1.07 mAh kwa siku.
- Jumla: takriban 1.43 mAh kwa siku.

Betri ya 2,400 mAh usiihesabu yote. Joto la juu ya paa na chaji inayopotea yenyewe vinakula sehemu, kwa hiyo mimi huchukua asilimia 70, yaani 1,680 mAh. Hiyo inakupa zaidi ya miaka 3.

Sasa hesabu upande wa mshambuliaji. Redio ya SX1276 ikiwa inasikiliza hula takriban 11 mA. Akifaulu kuiacha inasikiliza usiku na mchana, hiyo ni 264 mAh kwa siku. Miaka 3 inageuka kuwa chini ya wiki moja, na hajavunja ufunguo wowote.

Ukifaulu: una tarakimu mbili daftarini, mkondo wa kulala na matumizi ya siku nzima.

## Hatua ya 2: Ondoa shaka ya chumvi, joto na stima

Mombasa ina maadui wa betri ambao si watu, nao ni wengi kuliko wahalifu.

Cha kwanza ni chumvi. Upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini, unyevu wenye chumvi huingia kwenye kasha kupitia tundu la waya. Ukikauka unaacha utando mweupe au wa kijani katikati ya miguu ya chipu, na umeme unapita humo taratibu. Shusha nodi, pima mkondo wa kulala, isafishe kwa mswaki na spiriti, ikauke kabisa, pima tena. Ukishuka sana, mshambuliaji wako alikuwa bahari. Paka vanishi, lakini ziba kwanza soketi ya antena na viunganishi.

Cha pili ni stima kupotea. Lango likizima, nodi zote zinakosa jibu kwa wakati mmoja, zinaanza kurudia kutuma, na chaji inashuka kwa nodi zote pamoja. Linganisha tarehe za betri kushuka na tarehe za giza mtaani. Kama zinalingana, lango linahitaji betri ya akiba. Hata hivyo usiruke hatua ya 6, maana udhaifu ni ule ule: kinachofanywa na stima leo, mtu mwenye redio ya kuvuruga masafa anaweza kukifanya kesho kwa makusudi.

Ukifaulu: mkondo wa kulala umerudi kwenye kiwango cha hatua ya 1 na betri bado zinaisha mapema. Hapo sasa una sababu ya kushuku mkono wa mtu.

## Hatua ya 3: Ifanye nodi iseme inachotendewa

Volti peke yake zitakudanganya. Betri nyingi za lithiamu, hasa zile za 3.6 V zisizochajiwa, hubaki na volti zile zile karibu hadi siku ya mwisho. Ukisubiri volti zishuke umeshachelewa.

Ongeza baiti 6 kwenye kila ripoti, zikiwa ndani ya sehemu iliyosimbwa:

- baiti 1: pakiti zilizokataliwa tangu ripoti iliyopita;
- baiti 2: jumla ya muda redio ilipokuwa inasikiliza;
- baiti 1: mara ngapi imerudia kutuma;
- baiti 1: mara ngapi imeamshwa na kitu kisicho saa yake;
- baiti 1: mara ngapi imejizima na kujiwasha.

Ukizipata hizi, aina ya shambulizi inajitokeza yenyewe. Pakiti zilizokataliwa zikipanda pamoja na muda wa kusikiliza, kuna mtu anaimiminia nodi uongo. Muda wa kusikiliza ukipanda bila pakiti kukataliwa, mtu anatuma mwanzo wa pakiti tu, ule mlio wa kuamsha redio, bila kuimaliza. Kurudia kutuma kukipanda kwa nodi moja au mbili huku lango liko hai, majibu yanavurugwa hewani karibu na nodi hizo.

Nakuomba usiiache hatua hii hata kama huna haraka ya nyingine. Nodi isiyotoa hesabu hizi haiwezi kuchunguzwa ikiwa juu ya paa. Utabaki kubadilisha betri tu.

## Hatua ya 4: Funga masikio

Nodi ya betri isisikilize hewa muda wote, wala isiamke kila nusu sekunde kuchungulia kama inaitwa. Itume kwanza, halafu ifungue dirisha fupi la kusikiliza, halafu ilale. Kwenye LoRaWAN (kanuni za mtandao wa redio za LoRa) mpangilio huu ni Daraja A. Daraja C, ambalo husikiliza karibu wakati wote, liwe la vifaa vyenye umeme wa ukutani pekee.

Mshambuliaji asipojua umeamka saa ngapi, inambidi arushe mawimbi saa zote, na anayerusha saa zote anaonekana. Kwa hiyo usiamke kila dakika 15 kamili. Ongeza au punguza sekunde kadhaa kwa bahati nasibu.

Dirisha lenyewe nalo lina mitego. SX1276 ikiwa kwenye hali ya kupokea mara moja, rejista (sehemu ya chipu ya kuandikia mipangilio) ya muda wa kungoja huifunga iwapo haikusikia mwanzo wa pakiti. Ikishausikia, itangoja mpaka pakiti iishe. Mshambuliaji anajua hilo, naye atakutumia pakiti ndefu kuliko zote. Fanya mambo mawili:

1. Weka taimeri ya maikrokontrola inayoilaza redio kwa lazima. Kama amri yako ndefu zaidi huchukua milisekunde 200 hewani, ikifika 300 redio ilale, hata kama pakiti inaendelea.
2. Tumia rejista ya urefu wa juu, RegMaxPayloadLength. Kichwa cha pakiti kikitaja urefu unaozidi hapo, chipu inaikataa pakiti hiyo kwa kosa la kichwa. Amri zako zikiwa baiti 20, andika 20. Ukiacha thamani ya kiwandani, 255, umeacha mlango wazi.

Kubadilisha neno la ulinganifu (sync word, namba fupi inayotangulia pakiti; 0x12 kwa mitandao binafsi) kutakupunguzia kelele za majirani, basi. Lisikuridhishe, kwa sababu mwenye redio kama yako atajaribu thamani zote 256 bila taabu.

Kati ya kutuma na dirisha la kwanza kuna sekunde 1 au zaidi. Laza redio na maikrokontrola katika muda huo. Programu nyingi za mifano huizungusha maikrokontrola ikiwa macho bure.

Ukifaulu: washa redio ya pili mezani irushe pakiti ndefu mfululizo. Muda wa kusikiliza wa nodi usizidi ule wa taimeri kwa kila kuamka.

## Hatua ya 5: Kagua kwa rahisi kwanza, kwa gharama mwisho

Pakiti ikiingia, iulize maswali kwa mpangilio huu: urefu ni sawa? Anwani ni yangu? Kaunta (namba ya pakiti inayopanda kila mara) ni kubwa kuliko ya mwisho? Ikishindwa swali lolote, itupe na ulale palepale. Ikipita yote matatu ndipo ukague kwa AES msimbo wa uthibitisho, yaani alama inayoonyesha kwamba aliyetuma ana ufunguo.

Maonyo mawili, nayo ndiyo yanayoangusha watu zaidi.

Usijibu pakiti mbovu. Kutuma ujumbe wa kosa ni kumpa adui uwezo wa kukuamuru urushe, na kurusha ni ghali: 29 mA kwa nguvu ya 13 dBm (kipimo cha nguvu ya kurusha), takriban 120 mA kwa 20 dBm.

Usisogeze kaunta kabla ya msimbo kuthibitika. Ukiisogeza mapema, mtu atatuma pakiti moja ya uongo yenye kaunta kubwa mno, na tangu hapo nodi itakataa amri zako halali.

Kaunta ihifadhiwe kwenye kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika, la sivyo pakiti za zamani zitarushwa upya nazo zitakubaliwa. EEPROM (kumbukumbu ya aina hiyo) ya maikrokontrola ya ATmega328P imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000. Ukiandika kaunta ya kutuma mara 96 kwa siku, utaifikia katika miaka isiyotimia 3. Andika kila baada ya 16, na nodi ikiwaka upya iruke mbele 16. Kaunta ya kupokea iandike kila mara, maana amri halali ni chache.

Na kila nodi iwe na ufunguo wake. Ufunguo mmoja kwa mtandao mzima maana yake ni kwamba kasha moja likiibwa kwenye paa la Kongowea, vihisi vyote hadi Likoni vimekwenda.

## Hatua ya 6: Weka ndoo ya chaji

Hii ndiyo hatua inayoilinda nodi hata dhidi ya shambulizi ambalo hukulifikiria.

Ipe nodi mgao wa siku. Kwa mfano wetu, kusikiliza kwa kawaida ni mara 96 kwa sekunde 0.2, takriban sekunde 19. Weka kikomo cha sekunde 60 kwa siku. Zikiisha, nodi inaendelea kutuma ripoti zake lakini haifungui dirisha tena mpaka kesho:

    kila baada ya kutuma:
      kama ndoo_ya_kusikiliza > 0:
        fungua dirisha, pima muda uliotumika
        punguza ndoo kwa muda huo
      vinginevyo:
        weka alama ya hatari kwenye ripoti ijayo
      lala

Hesabu yake: sekunde 60 kwa takriban 21 mA (redio na maikrokontrola) ni 0.35 mAh. Hata adui akikaa chini ya jengo mwaka mzima, matumizi yanatoka 1.43 hadi chini ya 1.8 mAh kwa siku. Betri inashuka kutoka zaidi ya miaka 3 hadi takriban miaka 2 na nusu, badala ya wiki.

Kurudia kutuma kuwe na ndoo yake. LoRaWAN ikiombwa uthibitisho kwamba ujumbe umefika, kifaa kinaweza kurudia hadi mara 8, na vifaa vingi hushusha kasi vikiendelea kukosa jibu. Pakiti fupi inayochukua takriban milisekunde 60 kwenye SF7 (SF ni kipimo cha kasi: namba ikipanda, kasi inashuka) huchukua karibu sekunde 1.5 kwenye SF12. Mara 8, mara 96, kwa 40 mA: takriban 12.8 mAh kwa siku. Betri imekwisha katika takriban miezi 4, na mvurugaji hakufanya zaidi ya kuziba majibu. Kwa hiyo ruhusu marudio 2 kwa ripoti na 20 kwa siku, usiiruhusu nodi kushusha kasi kupita SF9 (yaani SF10 hadi SF12) kama umbali wako unaruhusu, na ngoja muda unaojizidisha mara mbili kati ya jaribio na jaribio, ukiongeza bahati nasibu ili nodi zote zisirudi hewani pamoja stima ikirudi. Ripoti ya kawaida ya tangi haihitaji uthibitisho hata kidogo. Nyingine inakuja baada ya robo saa.

Ujumbe wa dharura, kama tangi kukauka au chumba cha samaki kupata joto, uwe na ndoo yake ndogo ya pembeni. Usipoitenga, adui atamaliza mgao wa kawaida halafu anyamazishe dharura.

Tahadhari: nodi ikijizima na kujiwasha bila kutarajiwa, ndoo ianze tupu, isijazwe. Vinginevyo kila anayeweza kuizima na kuiwasha atakuwa anaijazia mgao mpya.

## Hatua ya 7: Milango isiyo ya redio

Swichi ya sumaku, kihisi cha mtikisiko, kitufe cha nje, waya wa kuelea kwenye tangi: vyote hivi huamsha nodi. Mtu mwenye sumaku mfukoni hahitaji redio. Wakati mwingine hahitajiki hata mtu. Kwenye tangi lisilofunikwa sawasawa, maji yakitikisika kifaa cha kuelea hugusa na kuachia mfululizo, na kila mguso unaiamsha nodi.

Chukua mguso mmoja tu kwa kila dakika 5, kisha zima intarapti (ishara inayoiamsha maikrokontrola) hiyo mpaka muda upite. Kitufe cha kuweka mipangilio kiwe ndani ya kasha.

Kama nodi zako hupokezana pakiti hadi langoni, weka kikomo cha mikono ambayo pakiti inaweza kupita, na usikubali njia iliyoandikwa ndani ya pakiti yenyewe. Adui ataandika njia ya mduara, na nodi zako zitazungushiana pakiti moja hadi zichoke. Kwa matangi ya mtaa mmoja, mimi ningeacha kabisa kupokezana na kuinua antena ya lango juu zaidi.

## Hatua ya 8: Jishambulie mwenyewe, halafu weka doria

Fanya mezani, kwa nguvu ya chini kabisa ya redio, kwenye nodi zako tu. Kuvuruga mtandao wa mwingine ni kosa, na Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018.

Fanya majaribio manne, kila moja kwa saa moja:

1. Miminia nodi pakiti za uongo zenye anwani yake.
2. Rusha pakiti ndefu kupita kiasi.
3. Rekodi amri halali na uirushe tena.
4. Zima lango.

Baada ya kila jaribio soma zile baiti 6, zidisha sekunde kwa miliampea ulizopima, na ulinganishe na saa moja ya utulivu. Ili usisubiri siku nzima, gawa ndoo kwa 24 wakati wa majaribio. Ukifaulu, hakuna jaribio litakalovuka mgao uliouweka, na amri iliyorushwa tena haitatekelezwa. Likivuka, rudi kwenye hatua ya 4 kwa jaribio la 2, ya 5 kwa la 1 na la 3, ya 6 kwa la 4.

Redio ya doria iwe karibu na lango, kwenye umeme wa ukutani, isikilize muda wote na ihesabu pakiti zisizo za nodi zako. Ikiongezeka ghafla huku nodi za upande mmoja wa jengo zikionyesha alama ya hatari, umeshajua uanze kutafuta upande gani.

Usibadilishe mtandao mzima kwa siku moja. Pandisha nodi moja yenye programu mpya, iache ile ya zamani kando yake kwenye paa lile lile kwa wiki mbili, ulinganishe muda wa kusikiliza na marudio ya kutuma. Tarakimu zikikaa ndani ya bajeti ya hatua ya 1, endelea na paa linalofuata, ukiipa kila nodi ufunguo mpya.